Wema Usiohesabiwa Pointi

Mwaka 1985 Richard Garriott wa Marekani alitoa mchezo wa kompyuta uitwao Ultima IV. Mchezaji hakutumwa kumshinda adui mkuu, bali kukua katika fadhila 8, zikiwemo huruma na unyenyekevu. Muuza mitishamba kipofu alimwachia alipe mwenyewe. Akimpunja, mchezo ulinyamaza, lakini ulikumbuka.

Mass Effect ya mwaka 2007 iliweka hesabu wazi: wema ulikuwa na pointi zake, na ukali pointi zake. Aliyekusanya za kutosha upande mmoja alifunguliwa maneno ya kushawishi au ya kutisha ambayo mwingine hakuweza kuyasema. Basi wapo walioacha kujiuliza, "Ninayezungumza naye anahitaji nini?" wakachagua jibu lenye pointi.

Wapendwa, tusiwacheke. Nasi hutoa bahasha ya ahadi tukisubiri jina letu lisomwe. Mwaka 1520, katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, Martin Luther alifundisha kwamba matendo hayatupatii haki mbele za Mungu. Tumekwisha kupokelewa kwa neema, ndiyo maana mikono yetu iko huru kumtumikia jirani. Asiyedai pointi humlipa kipofu sawasawa, hata pasipo anayehesabu.