Eksirei Inayotenganisha Dagaa na Meno ya Tembo

Agosti 2011, katika bandari ya Malindi, Unguja, mzigo wa dagaa uliokuwa ukielekea Malaysia ulikutwa na meno ya tembo 1,041. Novemba 2013, bandarini hapo hapo, yakakamatwa mengine ya karibu tani tatu, safari hii yakiwa yamefichwa ndani ya makombe ya baharini.

Kwa mkazi wa Magomeni, Kilosa, jirani na Mikumi, habari hizo zinagusa nyumbani. Sensa ya tembo katika mfumo wa ikolojia wa Selous na Mikumi ilihesabu 38,975 mwaka 2009. Mwaka 2013 walibaki 13,084. Ndiyo maana historia ya kifaa kinachoweza kutambua kilichomo ndani ya mzigo bila kuufungua inatuhusu, tena sana.

Eksirei yenyewe iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mjini Würzburg, Novemba 1895. Kilichomshtua ni kibao kilichopakwa kemikali ya bariamu, kikang'aa gizani ingawa bomba la umeme alilokuwa akilitumia lilikuwa limefunikwa. Kibao kile ndicho kilikuwa kipokezi cha kwanza. Baadaye zikatumika filamu, na kwa miongo mingi picha ikabaki kivuli tu: palipo peusi mionzi imepita, palipo peupe imezuiwa. Kivuli hakisemi kitu kimetengenezwa na nini. Mfuko mnene wa unga na bati jembamba la chuma vinaweza kutoa kivuli kile kile.

Jibu lilitoka kwenye fizikia. Mionzi dhaifu humezwa zaidi na vitu vyenye atomu nzito, kama kalisi na chuma. Mionzi mikali haijali sana uzito wa atomu, huzuiwa kwa wingi wa maada tu. Ukiipima mionzi ya aina zote mbili kwa pamoja, uwiano wake unakwambia aina ya kitu. Mwaka 1976 Robert Alvarez na Albert Macovski wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha hesabu yake.

Hesabu ikiwepo, swali likawa namna ya kupima. Njia moja ni kupiga picha mara mbili, kwa umeme mdogo kisha mkubwa, lakini mgonjwa anapumua na sanduku linatembea kwenye mkanda, hivyo picha mbili hazilingani. Mwaka 1978 watafiti Brooks na Di Chiro walieleza kipokezi cha tabaka mbili, na kwangu mimi hapo ndipo penye werevu wote. Tabaka la juu ni fuwele nyembamba inayong'aa ikiguswa na mionzi dhaifu. Katika mashine nyingi za mizigo, chini yake huwekwa kipande cha shaba, kama chujio, kinachomeza masalia ya mionzi hiyo dhaifu. Iliyo mikali hupenya hadi kwenye fuwele nene ya chini. Kila fuwele ina kihisi chake cha mwanga, na kompyuta hulinganisha majibu ya hizo mbili kwa picha moja tu.

Desemba 1988 bomu la plastiki lililofichwa ndani ya redio lililipua ndege juu ya Lockerbie, Scotland, wakafa watu 270. Baada ya hapo viwanja vya ndege vikaihitaji mbinu hii kwa haraka. Ndipo rangi zikazoeleka kwenye skrini za wakaguzi: chungwa kwa vyakula, nguo na plastiki, kijani kwa vitu vya kati, buluu kwa chuma. Sukari huonekana ya chungwa, chumvi ya kijani, japo kwa macho zote ni nyeupe. Sufuria ya alumini ni kijani, kisu, buluu.

Sasa rudi Malindi. Dagaa ni chungwa. Jino la tembo, lenye kalisi na fosforasi, huelekea kijani. Lakini makombe nayo ni kalisi. Aliyeyachagua, kwa kujua au kwa kubahatisha, alipata kificho kinachokaribiana mno na pembe kwa rangi, na hapo mkaguzi hubaki na umbo peke yake. Tena kontena la chuma huhitaji mionzi yenye nguvu makumi ya mara zaidi ya ile ya sanduku la abiria, na kadiri nguvu inavyopanda ndivyo tofauti ya rangi inavyofifia.

Tangu Julai 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inapita Kilosa ikielekea Dodoma, na abiria anayepanda Dar es Salaam huupitisha mzigo wake kwenye mashine ya ukaguzi. Ukaguzi wa abiria umeshika kasi. Wa makontena ndio unaohitaji kusukumwa. Mamlaka za bandari zetu zinapoagiza mashine mpya, zisiulize nguvu ya mionzi na bei pekee. Ziulize vipokezi ni vya aina gani, na ziwalipie wakaguzi mafunzo ya kutambua umbo la pembe lililolala katikati ya makombe.