HISTORIA YA MILIMA YETU, SEHEMU YA 4: Hoteli ya wagonjwa pale Vugiri

Sehemu iliyopita tuliishia kwenye reli. Leo tunapanda mlima, tunakwenda kwa majirani zetu Vugiri, kwenye nyumba ambayo watoto wengi wa Bungu hawajawahi kuisikia.

Miaka ya mwanzo ya 1900 Wajerumani walikuwa na sanatoria pale Vugiri. Kwenye vitabu vyao waliandika Wugiri. Sanatoria ni kitu cha katikati ya hoteli na hospitali: unalala, unakula vizuri, unavuta hewa ya baridi hadi nguvu zirudi. Ilikuwa ya wazungu. Walowezi na maofisa waliochoka na homa za pwani na nyika walipanda huku kupumzika. Tanga nako walikuwa na nyingine, kwenye kisiwa cha Ulenge.

Kwa nini Vugiri? Reli kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Huku chini mashamba ya katani yalikuwa yanafunguliwa, na homa ilikuwa inaua wazungu vibaya sana. Malaria yenyewe, halafu ile homa ya mkojo mweusi. Dawa ilikuwa kwinini, chungu kama nini, na haikumponya kila mtu. Kwa hiyo aliyeweza alipanda treni hadi Korogwe, kisha akaukwea mlima.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo pananifurahisha mimi kama nesi. Mwaka 1898 daktari mkubwa wa Kijerumani, Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alifika Usambara kuchunguza malaria. Akaona watu wa milimani hawaugui homa hiyo wakiwa kwao. Wakiteremka nyika au pwani, wanarudi nayo. Akawauliza ugonjwa huo mnauitaje? Wakamjibu: mbu. Na mdudu je? Mbu. Ukiuliza sababu, wanakwambia kule chini kuna wadudu wanaitwa mbu, wametuuma.

Jina moja, mdudu na ugonjwa! Na kumbuka, ni mwaka mmoja tu kabla, 1897, Ronald Ross kule India alikuwa ameona kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wazee wetu hawakuwa na darubini, ila waliangalia nani anaugua na ametoka wapi. Ndiyo maana tangu zamani Msambaa alijenga juu, Shambaai, na nyika akaiogopa.

Lakini historia hii ina upande unaouma. Mzungu alipanda mlima kuikimbia homa, na Msambaa akaamriwa kutoka kwenda kazini. Kuanzia mwaka 1907 huku Usambara Magharibi kulikuwa na utaratibu wa kadi. Kila mwanaume mzima alitakiwa kufanya kazi siku 30 ndani ya kila miezi minne kwa mwajiri wa kizungu, kwa mshahara mdogo. Asiyejaza kadi alipelekwa kazi za serikali. Kuna waliofanya kazi kwenye mashamba ya huku huku juu, na kuna walioteremka nyika kwenye mbu. Wakirudi na homa, sanatoria haikuwa yao. Waliuguzwa nyumbani na mama zao na wake zao, kwa majani na maji ya moto.

Mwaka 1916, katikati ya vita kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza yalishuka kufuata reli. Mwezi wa sita Mombo, Lushoto na Korogwe zote zikawa mikononi mwao. Utawala wa Mjerumani ukaisha huku.

Basi sisi tumebaki na nini? Tumebaki na ile imani kwamba juu hakuna malaria. Jamani, hiyo ni nusu ya kweli. Miaka ya 1990 watafiti walipima milima hii hii, kuanzia vijiji vya chini kama mita 300 hadi vya juu kama mita 1,700. Waliona maambukizi yanapungua kama mara 1,000 ukifika juu. Kupungua sio kuisha. Halafu mtoto aliyekulia kwenye baridi hajazoea vijidudu hivi, hana kinga kama mwenzake wa Korogwe. Akipata, anaweza kuzidiwa haraka.

Kwa hiyo mama, ukishuka na mtoto kusalimia bibi Korogwe, Muheza au Tanga, chandarua kiwe kwenye begi pamoja na nepi. Mkirudi, homa ikitokea hata baada ya wiki mbili tatu, usiseme ni mafua ya baridi. Njoo tupime, ni tone moja la damu na majibu yanatoka muda huo huo. Na utuambie mlikuwa wapi, hilo linatusaidia sana. Ukiona degedege, mtoto kalegea, hanyonyi au anatapika kila kitu, usisubiri asubuhi.

Mjamzito, chandarua chako unapewa hudhurio la kwanza kliniki, na vidonge vya SP ukishaingia miezi minne. Usiviache kwa sababu eti tunaishi mlimani.

Wazee walijua mbu ndiye homa kabla hata Koch hajafika kuuliza. Tusiwe wajukuu tuliosahau.

Sehemu ya 5 tunakwenda Amani, kwenye bustani na maabara. Mwenye bibi au babu aliyesimuliwa habari za kadi za kazi, aniandikie hapo chini, tujifunze wote.