Kompyuta pepe ikihamishwa na mtandao ukapotea

TANGU Mamlaka ya Ushuru nchini (KRA) ianzishe mtambo wa Simba mwaka wa 2005, ambao baadaye nafasi yake ilichukuliwa na iCMS, mawakala wa forodha wa Malaba na Busia huwasilisha stakabadhi kwa kompyuta. Wakala aliyekatikiwa mtandao hana la kumwambia dereva ila angoje.

Afisi inayoweka kumbukumbu zake katika kompyuta pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva, yaweza kupatwa na adha ya aina yake. Kompyuta hiyo huhamishiwa seva nyingine, ikawaka vyema na faili zote zikawapo, lakini mtandao hauonekani. Fundi aliyetoka Moding kwa bodaboda asikimbilie kuipakia upya. Aghalabu hakuna kilichoharibika.

Aanze na anwani ya MAC, ambayo ni kitambulisho cha kadi ya mtandao. Kompyuta pepe haina kadi ya kushikika. Hupewa anwani hiyo na programu inayoiendesha. Zinazoanza kwa 00:50:56 au 00:0c:29 ni za VMware, na 52:54:00 hutumiwa na KVM. Kompyuta ikinakiliwa badala ya kuhamishwa, huenda ikapewa anwani mpya. Linux nyingi za zamani huhifadhi anwani ya kale katika faili ya 70-persistent-net.rules, na kadi ngeni huiita eth1 ilhali mipangilio yote imeandikiwa eth0. Dawa ni kufuta mstari wa kale pamoja na ule wa kadi mpya na kuiwasha upya. Katika Linux za kisasa pia jina la kadi laweza kubadilika. Amri ya "ip link" hulionyesha.

Windows nayo huishikilia kadi iliyotoweka pamoja na anwani yake ya IP. Yafaa kufungua orodha ya vifaa, kuonyesha vilivyofichwa na kuiondoa.

Ndani kukiwa shwari, tatizo li nje. Binafsi ningeshuku swichi mapema. Seva mpya huenda imechomekwa katika tundu lisiloruhusu VLAN ya kompyuta ile, kosa linalosahaulika mno. Jaribio lake ni rahisi: kompyuta iulize jirani yake wa VLAN hiyo hiyo, aliye ndani ya seva ile ile, kwa amri ya ping, kisha iulize ruta. Jirani akijibu na ruta ikinyamaza, itazamwe njia kati ya seva na swichi.

Ikiwa anwani ya MAC imebadilika, ruta yaweza kuendelea kwa muda kutuma ujumbe kwa anwani ya kale, mithili ya tarishi anayebisha nyumba iliyohamwa. Amri ya "arping -U", ikitolewa ndani ya kompyuta yenyewe, hutangaza anwani mpya.

Nakala iliyobaki katika seva ya zamani isiwashwe hata kidogo. Zote mbili zikiwaka na anwani moja ya IP, mtandao utakuja na kupotea, na karani atalaumu mvua.