Ndanda FC: Misimu Sita ya Kusini katika Ligi Kuu

Septemba 20, 2014, Ndanda FC ilicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu Tanzania Bara. Ilikuwa ugenini, Shinyanga, dhidi ya Stand United waliopanda daraja pamoja nayo. Ndanda, wanaojulikana kama Wana Kuchele, wakashinda mabao 4-1.

Timu ilikuwa na makao yake Mtwara mjini, lakini ilikuwa mali ya mkoa mzima. Jina lake ni la Ndanda, wilayani Masasi, kwenye barabara iendayo Mtwara. Uwanja wake wa nyumbani, Nangwanda Sijaona, unamkumbuka Lawi Nangwanda Sijaona, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Vijana wa TANU.

Zamani timu za Bandari ya Mtwara na Kariakoo ya Lindi ziliipeperusha bendera ya Kusini, kisha kukawa kimya. Ndanda ilipopanda, mkulima wa korosho wa Masasi au Newala aliyezoea kuwasikiliza Simba na Yanga redioni aliweza kuabiri basi, akawaona kwa macho yake wakicheza Mtwara. Wala vigogo hao hawakuja kuokota pointi za bure. Septemba 2018 Simba, bingwa mtetezi, aliondoka Nangwanda na sare ya 0-0.

Kilichoichosha Ndanda ni umbali na ukata. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na kutoka hapo safari za Mwanza, Shinyanga na Bukoba ndiyo kwanza zinaanza. Msimu wa 2018/19 ligi yenyewe ilichezwa bila mdhamini mkuu. Klabu isiyo na tajiri nyuma yake iliumia zaidi. Msimu uliofuata, 2019/20, Ndanda ilishuka daraja pamoja na Lipuli, Alliance na Singida United.

Haikuacha kombe. Iliacha vijana wa Kusini waliojua kwamba Ligi Kuu inachezeka kwao. Msimu huohuo wa mwisho, timu nyingine ya Kusini, Namungo ya Ruangwa, ilikuwa imeshapanda, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi, kisha ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ndanda inastahili heshima ya timu iliyoifungua upya njia hiyo.