Mkimbiaji na Ukuta: Habari za Mpira wa Vyuo vya Marekani

Katika nchi ya Marekani maneno "mpira wa miguu" hayana maana ile uijuayo wewe, msomaji. Mpira wenyewe umechongoka pande mbili mfano wa yai, hubebwa mikononi zaidi ya kupigwa kwa mguu, na aliye nao huangushwa chini kama ilivyo katika raga inayochezwa katika shule zetu za Kenya. Mchezo huo ulizaliwa vyuoni, na hata leo mashindano ya vyuo huvuta maelfu ya watu kila Jumamosi katika majira ya kupukutika kwa majani. Ukiketi miongoni mwa watazamaji hao, mara nyingi utasikia lawama moja: timu yetu haiwezi kukimbia na mpira. Mkimbiaji hupewa mpira, hupiga hatua mbili, naye hulala chini ya watu watano. Hupewa tena, hulala tena. Watu hukasirika, wakasema kwamba yule kijana ni mzito, au mwoga, au mvivu. Nataka uone katika habari hizi ya kuwa lawama hiyo ina umri mkubwa, na ya kuwa waliotafuta dawa yake walikosea sana kabla ya kuipata. Kosa lao moja liliwagharimu vijana maisha yao.

Mashindano ya kwanza ya vyuo yalifanyika tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers walipowashinda Princeton kwa mabao 6 kwa 4. Siku ile hakuna aliyeruhusiwa kukimbia na mpira mkononi. Lakini mwaka 1874 vijana wa Chuo Kikuu cha McGill walitoka Kanada wakaenda kucheza na Harvard, nao walikuja na desturi ya raga, yaani kuubeba mpira na kwenda nao mbio. Harvard walipendezwa mno, na mwaka 1876 vyuo kadhaa vilikutana mjini Springfield, katika jimbo la Massachusetts, vikakubali kanuni zilizotokana na raga. Tangu hapo mkimbiaji akawa ndiye roho ya mchezo.

Mwaka 1880 Walter Camp wa chuo cha Yale alileta shauri lililoutenga kabisa mchezo huo na raga. Katika raga watu husongamana wakaugombea mpira. Camp alisema upande mmoja uwe na mpira kwa haki, uuweke chini, kisha uanze upya kila mara mtu wake anapoangushwa. Shauri lilikuwa jema, lakini lilikuwa na tundu. Mwaka 1881 Princeton na Yale walipokutana, Princeton waliushikilia mpira kipindi kizima cha kwanza, na Yale wakaushikilia kipindi kizima cha pili. Hakuna aliyekwenda mbele, hakuna aliyefunga, na watazamaji walirudi makwao wamechoka na kuudhika. Kwa hiyo mwaka 1882 ilitungwa kanuni mpya: timu yenye mpira ipewe majaribio matatu, na katika hayo isogee yadi 5, yaani mita nne na nusu hivi, isipoweza, itoe mpira kwa adui. Basi kukimbia kukawa na kipimo. Kila mtu kiwanjani alijua ni hatua ngapi zinazotakiwa, na kila mtu aliona zilipokosekana.

Sasa fikiri, msomaji. Wewe una majaribio matatu na yadi 5 mbele yako, na adui yako anajua ya kuwa huna njia nyingine ila kukimbia. Afanye nini? Atakusanya watu wake wote mahali pamoja akungoje. Jambo hilo lilizidi baada ya mwaka 1888, ilipokubaliwa kwamba mchezaji anaweza kukamatwa chini ya kiuno hata magotini. Kabla ya hapo, mwenye miguu myepesi aliweza kuwapenya walinzi katika uwanda. Tangu hapo alishikwa miguu akaanguka mara moja. Timu zikaacha uwanda, zikajibana katikati bega kwa bega. Mbele ya mkimbiaji pakawa na ukuta wa watu, na nyuma yake kundi la wenziwe waliomsukuma mgongoni na kumvuta kwa nguvu.

Dawa ya kwanza iliyotafutwa ilikuwa kuongeza nguvu. Bwana mmoja wa Boston aitwaye Lorin Deland, mpenda sataranji ambaye hakuwahi kuucheza mpira huo, aliwafundisha Harvard hila aliyoifananisha na mambo ya vita. Tarehe 19 Novemba 1892, mbele ya Yale, wachezaji wa Harvard walijigawa makundi mawili, wakasimama mbali nyuma, kila kundi upande wake. Kisha wakaja mbio kwa pamoja, wakakutana kwa umbo la kabari, na mkimbiaji akafichwa ndani yake. Kabari hiyo iliupiga ukuta wa Yale kwa kishindo, ikasogea mbali kuliko ilivyotazamiwa. Wahenga walinena, mbio za sakafuni huishia ukingoni: Harvard hawakufunga kwa mbio zile, na siku ile Yale walishinda 6 kwa 0. Lakini walimu wa timu nyingine walikuwa wameona, na mwaka uliofuata kabari zilitapakaa katika viwanja vya nchi nzima.

Hapa ndipo habari zetu zinapogeuka kuwa za msiba. Wachezaji wa siku zile hawakulazimishwa kuvaa kofia ngumu, na wengi waliingia kiwanjani kichwa kitupu. Vijana kumi wakimwendea mmoja kwa kasi, na kumi wengine wakimlalia, mifupa haina budi kuvunjika. Kabari yenyewe ilikatazwa mwaka 1894, lakini desturi ya kusukumana kwa wingi ilibaki kwa sura nyingine, kwa sababu mzizi wake haukung'olewa: zilitakiwa yadi 5 tu, na njia ilikuwa moja tu. Mwaka 1905 gazeti la Chicago Tribune lilihesabu vifo 18 vilivyotokana na mchezo huo, na wengi wa waliokufa walikuwa wanafunzi wa shule, wa umri kama wako.

Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa akicheza Harvard mwaka ule, aliwaita wakuu wa mchezo kutoka Harvard, Yale na Princeton katika Ikulu tarehe 9 Oktoba 1905, akawataka wausafishe. Waliahidi, wakaondoka, na mambo yakaendelea vilevile. Tarehe 25 Novemba mwanafunzi wa Union College aliumia kichwani alipokuwa akicheza na Chuo Kikuu cha New York, akafa siku ile ile. Mkuu wa Chuo Kikuu cha New York, Henry MacCracken, hakungoja tena. Aliviita vyuo vingine kushauriana, na tarehe 28 Desemba wajumbe wa vyuo 62 walikutana mjini New York. Mkutano huo ndio ulioanzisha chama ambacho tangu mwaka 1910 kimeitwa NCAA.

Palikuwa na rai tatu. Wa kwanza walisema mchezo ufutwe, na Columbia walikwisha kuufuta. Wa pili walisema heri kurudi kwenye raga; Stanford na California walifanya hivyo mwaka 1906. Wa tatu walisema mchezo ubaki, lakini kanuni zibadilishwe ili mkimbiaji apate nafasi. Wengine kati yao walitaka kiwanja kipanuliwe, walinzi watawanyike. Rai hiyo ilishindwa kwa sababu ambayo huenda ikakuchekesha: Harvard walikuwa wamemaliza mwaka 1903 kujenga kiwanja kikubwa chenye viti vya saruji, na saruji haisogei. Kama ardhi haikuweza kupanuliwa, ilibidi kutafuta njia angani.

Kwa hiyo mwaka 1906 zilitoka kanuni mpya. Kwanza, badala ya yadi 5 zilitakiwa yadi 10 katika majaribio matatu, ili isiwe faida tena kusukumana hatua moja moja. Pili, pande mbili zilitengwa na nafasi ya urefu wa mpira, watu wasianze wakiwa wamekwisha kugusana vichwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, mchezaji aliruhusiwa kumtupia mwenziwe mpira mbele. Wewe uliyecheza raga unajua ya kuwa kutupa mbele ni kosa. Basi waza jinsi wazee wa mchezo walivyoshtuka. Camp mwenyewe hakulipenda jambo hilo, na kanuni ililifunga kamba nyingi. Mpira ukitupwa ukaanguka chini bila kuguswa na mtu, ulikuwa mali ya adui.

Kamba hizo zilionekana tarehe 5 Septemba 1906. Chuo Kikuu cha Saint Louis kilikuwa kikicheza na Carroll huko Waukesha, Wisconsin. Bradbury Robinson alitupa mpira mbele, ukaanguka, wakanyang'anywa. Baadaye akatupa tena, Jack Schneider akaudaka akafunga. Lakini vyuo vikubwa vya mashariki viliona huo ni mchezo wa kubahatisha, vikaendelea kuupiga ukuta. Vijana wa shule ya Carlisle, wenyeji wa asili wa Marekani, wengi wao wepesi kuliko wapinzani wao, waliutumia vizuri mwaka 1907 wakawashinda Pennsylvania 26 kwa 6. Mwaka 1910 ilikatazwa kumsukuma na kumvuta mkimbiaji, na mwaka 1912 timu zilipewa jaribio la nne, na mipaka ya umbali wa kutupa ikaondolewa. Mlango ulikuwa wazi, ila wachache walikuwa wameupita.

Tarehe 1 Novemba 1913 chuo cha Notre Dame, kutoka Indiana, kilikwenda West Point kucheza na chuo cha maofisa wa Jeshi. Vijana wawili wa Notre Dame, Gus Dorais na Knute Rockne, walikuwa wamefanya kazi pamoja wakati wa likizo huko Cedar Point, ufukoni mwa Ziwa Erie, na kila walipopata nafasi walijizoeza mchangani, mmoja akitupa na mwingine akidaka huku akikimbia. Siku ya mchezo Dorais alitupa mara 17, na mara 14 mpira ulidakwa. Jeshi walikuwa wazito na wenye nguvu, wakajikusanya mbele kama ilivyokuwa desturi. Mpira ukawapita juu ya vichwa. Wakatawanyika nyuma kuuzuia. Hapo ndipo Ray Eichenlaub, mkimbiaji wa Notre Dame mwenye kifua kipana, alipopewa mpira akapita katikati, kwa maana ukuta haukuwapo tena. Notre Dame walishinda 35 kwa 13.

Watu wengi husimulia siku hiyo kuwa ni ushindi wa kutupa juu ya kukimbia. Mimi naona wanasimulia nusu. Eichenlaub hakupata miguu mipya wakati wa mapumziko. Lililobadilika ni kwamba adui hakujua tena mpira utakwenda wapi. Kutupa hakukuua mbio, kulizipa pumzi.

Kama unaona huo ni mfano mmoja tu, basi tazama Stanford, chuo kile kile kilichokimbilia raga mwaka 1906, kisha kikaurudia mchezo wa Kimarekani mwaka 1919. Mwaka 1939 timu yake ilishinda mchezo mmoja tu. Mwaka uliofuata alikuja mwalimu mpya, Clark Shaughnessy, na watu walimdharau, kwa kuwa timu aliyotoka kuifundisha, ya Chuo Kikuu cha Chicago, ilikuwa imefungwa na Michigan 85 kwa 0. Shaughnessy hakuleta kikosi kipya. Wengi wa wachezaji wake walikuwa wale wale walioshindwa. Alibadili namna ya kusimama. Zamani mpira ulirushwa nyuma moja kwa moja hadi kwa mkimbiaji, na kila mlinzi aliuona. Yeye alimweka Frankie Albert karibu kabisa nyuma ya mstari wa mbele, aupokee mkono kwa mkono, awageuzie walinzi mgongo, kisha ampe huyu, au ajifanye anampa yule, au atupe. Mlinzi aliyesita kidogo tu alikuta mkimbiaji amekwisha kupita. Stanford walishinda michezo yote 10, na wa mwisho ulikuwa ule wa tarehe 1 Januari 1941, walipowafunga Nebraska 21 kwa 13.

Kwa hiyo, msomaji, utakapomwona kijana akipewa mpira akaanguka, akapewa tena akaanguka, usiharakishe kumzomea. Tazama kwanza wale walio mbele yake, kama wamemfungulia njia, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Kisha tazama walinzi, kama wamejikusanya kwa kuwa wanajua la kutazamia. Mwisho umtazame mwalimu wake, na uulize kama amempa adui jambo lolote la kumtia shaka. Ukiyaona hayo yote yametimizwa, na kijana bado anaanguka, hapo unaweza kusema juu ya miguu yake. Watu wa mwaka 1905 hawakuuliza hivyo. Kila njia ilipoziba waliongeza watu wa kusukuma, wakaendelea kuongeza mpaka makaburi yakawauliza wao.