Damu na Mto Tana

Mto Tana hutoka katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukaishia baharini karibu na Kipini. Garsen iko katika nchi yake ya chini, ambako mafuriko hurutubisha mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma. Lakini maji yale yale yakipungua huacha madimbwi, na katika madimbwi huzaliwa mbu waenezao malaria. Historia ya nchi ya namna hii haimo katika nyaraka peke yake. Sehemu yake imo katika damu ya wakaaji wa pwani.

Aliyelionyesha jambo hili waziwazi ni Anthony Allison, mtaalamu aliyelelewa Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa makabila mbalimbali, akaona kuwa chembe zenye umbo la mundu ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, penye malaria, na ni nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alitoa sababu: mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali, aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu. Kinga ya mmoja, basi, hulipiwa na mateso ya nduguye.

Jeni nyingine ilichelewa kujulikana. Huitwa ATP2B4, nayo ndiyo asili ya protini iliyo kama pampu katika utando wa chembe nyekundu za damu, ambayo kazi yake ni kusukuma kalsiamu nje. Mwaka 2012 wachunguzi waliopima watoto wa Ghana waliona kuwa wenye tofauti fulani ndogo katika jeni hii hupatwa na malaria kali mara chache zaidi. Je, ilikuwa habari ya Ghana tu? La. Huko Kilifi, kusini mwa Garsen katika pwani ile ile, watoto zaidi ya 2,000 waliougua malaria kali walilinganishwa na wenzao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yaliafikiana na yale ya Ghana.

Ajabu ni kwamba wenye kinga wana pampu chache, si nyingi. Mtu angetazamia kinyume chake! Lakini kimelea cha malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu na huhitaji kalsiamu katika maisha yake. Yamkini chembe iliyogeuka kidogo si makao mema kwake. Hata hivyo kinga hii ni haba kuliko ile iliyoonwa na Allison, wala haimzuii mbu kuuma. Mtoto wa Garsen aliyeirithi bado hulazwa ndani ya chandarua mto ufurikapo.