Seva ni Nini, na Pesa Yako ya Simu Inakaa Wapi?

Mchuuzi wa dagaa wa Lituhi akiuza mzigo kwa mteja wa Songea, malipo huweza kuingia kwenye simu hata kabla gunia halijapakiwa. Jioni hiyohiyo simu ikimtumbukia ziwani, pesa haizami nayo. Akienda kurudisha laini yake na kuiweka kwenye simu nyingine, anaikuta palepale. Sasa muda wote huo ilikuwa wapi?

Wasikilizaji wetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa na wa milimani Mbinga hutuuliza swali hili kila mtandao unaposumbua. Jibu fupi ni kwamba ilikuwa kwenye seva. Katika makala haya tunaeleza seva ni kitu gani, inakaa wapi, na wewe ufanye nini muamala unapokwama.

Seva ikoje?

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuhudumia simu na kompyuta nyingine. Wewe unauliza salio, yenyewe inajibu. Kwa umbo ni boksi bapa la chuma, kwa kawaida halina kioo chake. Seva hupangwa moja juu ya nyingine kwenye kabati la chuma, kama trei za mikate. Seva nyembamba ina unene wa sentimita 4 na nusu hivi, na kabati la urefu wa mita 2 huwa na nafasi zaidi ya 40.

Ukiifungua utakuta prosesa, ambayo ndiyo inayopiga hesabu. Utakuta kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme ukikatika, na diski, ambazo hutunza taarifa hata umeme usipokuwepo. Seva nyingi hufungwa vipokea umeme viwili, kimoja kikiungua kingine kiendelee. Taarifa nazo huandikwa kwenye diski zaidi ya moja, na kwa huduma nyeti kama pesa nakala huwekwa pia kwenye jengo jingine.

Chumba chenye seva nyingi huitwa kituo cha data. Mashine hizo hutoa joto kali, hivyo hewa inayoingia hupozwa, kwa kawaida ibaki kati ya nyuzi joto 18 na 27. Umeme ukikatika, betri hushika kwanza mpaka jenereta iwake. Kelele za feni ni kubwa, na haingii mtu asiye na kibali.

Kwa nini kampuni huonyesha mashine zao?

Kwa miaka mingi kampuni kubwa zilificha vyumba hivi. Mwaka 2011 Facebook ilifungua kituo chake cha Prineville, Marekani, na kutangaza hadharani michoro ya seva zake. Oktoba 2012 Google nayo ilitoa picha za ndani ya vituo vyake, baada ya kumruhusu mwandishi Steven Levy kuingia kwenye kituo cha Lenoir. Siku hizi kampuni za teknolojia hualika waandishi na wanablogu kuzungushwa kati ya makabati. Ni biashara, lakini lipo na jambo la maana: mteja akiona mahali mali yake inapotunzwa, anapata la kuuliza.

Nasi tuulize la kwetu. Kenya ilianza M-Pesa mwaka 2007, lakini mpaka mwaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Mtu wa Kisumu akimtumia pesa jirani yake, hesabu ilifanyika Ulaya kisha jibu likarudi. Mwaka huo ndipo mitambo ilipohamishiwa Kenya. Hapa Tanzania tuna Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, ambako taasisi zinaweza kuhifadhi taarifa zao humu nchini.

Umbali huo una athari kwetu. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, SEACOM na EASSy, ilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Kinachohifadhiwa nje hupita baharini. Kilichopo ndani ya nchi hakilazimiki kupita huko.

Tatizo liko wapi?

Kutoka Lituhi, ombi lako huanzia kwenye mnara, hupita njia ya mawasiliano hadi Mkongo wa Taifa, kisha hufika kwenye seva. Kila hatua inaweza kukwama, na dalili zake hutofautiana:

- Simu haina mnara kabisa, na za majirani wa mtandao huohuo vilevile: huenda mnara wenyewe umezimika au njia yake imekatika.
- Unapiga simu vizuri lakini menyu ya pesa haijibu: huenda tatizo liko kwenye mitambo ya huduma ya pesa.
- Pesa inatumwa lakini video za nje hazifunguki: angalia kwanza kama bando limeisha. Kama lipo, huenda njia ya kimataifa ndiyo yenye shida.

Ufanye nini muamala ukikwama?

Usitume mara ya pili kwa haraka. Seva inaweza kuwa imeshaandika muamala wa kwanza, ila ujumbe wa kukujulisha ndio umechelewa. Ukirudia, utakuwa umelipa mara mbili. Angalia salio kwanza. Usifute ujumbe wenye namba ya muamala, kwa kuwa ndiyo inayomwezesha mhudumu kuukuta kwenye seva. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako.

Kwa anayeuza kahawa au samaki: usiachie mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Ujumbe unaweza kutengenezwa na mtu yeyote. Salio lako linatoka kwenye seva, hivyo liangalie mwenyewe kwenye menyu ya simu yako. Mtu akikuomba namba ya siri, hata akidai anatoka kampuni ya simu, usimpe. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Mwisho, fahamu kwamba taarifa zako zina ulinzi wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Una haki ya kumuuliza anayetunza taarifa zako anazitumia kwa kazi gani. Hata ukiwa huku Lituhi, mbali na kabati lile la chuma, kilichoandikwa humo kwa jina lako kinakuhusu wewe.